Kukinga laini ya RS-485 dhidi ya radi na volti 220: mwongozo kamili kwa mafundi wa Goma na Bukavu

Msimu wa mvua ukianza Kivu, kadi zilezile hurudi mezani kwa fundi: kadi ya mawasiliano ya inveta, kadi ya kidhibiti cha jenereta, kadi ya pampu inayopandisha maji hadi tangini. Skrubu za A na B, zinapofungwa nyaya mbili za laini ya data ya RS-485 inayoviunganisha vifaa hivi, ni nzima na kapasita ni nzima, lakini chipu ndogo ya miguu minane iliyo nyuma yake imepasuka katikati. Chipu hubadilishwa, diodi ya kinga huongezwa kando yake, na baada ya muda kadi hurudi tena, safari hii chipu na diodi zikiwa zimeungua zote mbili.

Diodi hiyo haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyoiweza, kwa kuwa laini ya data ina maadui wawili wasiofanana. Mpigo wa radi huja na nguvu nyingi na hupita upesi: mkondo wa majaribio wa kiwango cha IEC 61000-4-5 hufika kileleni kwa takriban mikrosekunde 8 na kushuka hadi nusu yake kwenye mikrosekunde 20. Umeme wa volti 220 ukigusa waya wa data hauna haraka hiyo. Hukaa papo hapo mpaka mtu aukate. Diodi ndogo ya juu ya kadi inaweza kumeza mamia ya wati kwa mikrosekunde chache, lakini haiwezi kubeba hata wati moja kwa dakika nzima.

Kwa hiyo tunajenga sanduku la kinga lenye vizuizi vinne vinavyofuatana, kila kimoja kikifanya kazi ambayo kingine hakiiwezi. Mfuatano ukigeuzwa, au kizuizi kimoja kikiachwa, vilivyobaki haviwezi kuiokoa kadi.

## Vifaa vinavyohitajika

Orodha hii ni ya sanduku moja. Laini inayounganisha majengo mawili inahitaji masanduku mawili, moja kila upande.

- Fyuzi 3 za kauri za ukubwa wa milimita 5 kwa 20, ampea 2, za aina ya polepole (herufi T), zenye uwezo wa kukata ampea 1,500 kwenye volti 250, pamoja na vishikio vyake na akiba ya kutosha.
- Kichupa cha gesi (GDT, ambacho huwaka ndani volti zikizidi na kuuelekeza umeme ardhini) 1 chenye ncha tatu na kingine 1 chenye ncha mbili, vyote vya volti 90 na ampea 10,000, vikiwa na kibanio cha usalama kinachofunga saketi kichupa kinapopata moto.
- Fyuzi 3 zinazojirudisha (PTC) za aina ya laini za simu, za volti 250, zinazoruhusu mkondo wa kati ya ampea 0.12 na 0.15.
- Diodi 2 za 1.5KE43CA.
- Kitenganishi cha RS-485 kilicho tayari, au chipu inayovumilia volti 60 au 70 kwenye miguu ya A na B. LTC2862 huvumilia 60 na SN65HVD1781 huvumilia 70.
- Kebo yenye jozi mbili za nyaya zilizosokotwa, iliyo na ngao.
- Kipande cha shaba bapa chenye matundu ya skrubu, na waya wa ardhi wa kijani na njano wa milimita 6 za mraba.
- Sanduku la plastiki, vituo vya skrubu, pasi ya kulehemu na multimita ya daraja la CAT III.

Fyuzi na waya hupatikana katika maduka ya mtaa wa Birere mjini Goma. Vichupa vya gesi na PTC ni vigumu zaidi kuvipata. Vinaweza kuvuliwa kutoka kadi za zamani za simu za waya, lakini kila kimoja kipimwe kwanza, na maandishi yake yasomwe kwa makini. Kifaa kisicho na maandishi yanayosomeka kisitumike hapa.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Weka multimita kwenye volti za AC, kisha pima kati ya A na ardhi, B na ardhi, C na ardhi. C ni waya wa tatu, ule wa rejea, ambao mafundi wengi huuacha kwa kuamini kwamba RS-485 hutumia nyaya mbili tu. Rudia vipimo hivyo kwa volti za DC.

Kipimo kikizidi volti 12, simama. Umeme tayari umevuja mahali fulani, na sanduku la kinga lisifungwe juu ya hitilafu iliyopo. Tafuta kwanza mahali ambapo nyaya zinagusana, ukiwa umezima inveta, jenereta na umeme wa mtaani, vyote vitatu. Kuzima kimoja hakutoshi katika majengo yetu, kwa sababu inveta huamka yenyewe umeme wa mtaani unapokatika.

Sasa tenganisha kebo upande mmoja na upime tofauti ya volti kati ya waya wa C unaotoka jengo la mbali na ardhi ya jengo ulipo. RS-485 huruhusu volti za kati ya -7 na +12 tu kwenye A na B, zikipimwa kutoka ardhi ya kifaa kinachopokea, kwa hiyo tofauti ya ardhi baina ya vifaa isizidi takriban volti 7. Ukikuta volti 20 au 30 za AC, usistaajabu. Ni kawaida pale ambapo nyutro imelegea upande mmoja. Andika kipimo hicho, kwa maana ndicho kitakachoamua ulazima wa hatua ya 8.

## Hatua ya 2: Ondoa kebo ya data kwenye njia ya umeme

Hitilafu nyingi za volti 220 kwenye laini ya data hazitoki mawinguni. Zinatokana na kebo ya data kuvutwa ndani ya bomba moja na nyaya za umeme, au na vituo vya skrubu vya data kupangwa mstari mmoja na vya fezi, hivi kwamba fundi anayefanya kazi usiku kwa tochi anaingiza waya kwenye tundu la jirani.

Ipitishe kebo ya data kwenye bomba lake, sentimita 30 au zaidi kutoka nyaya za umeme, na pale inapolazimika kuzivuka izivuke kwa pembe mraba. Nyaya zikiwa lazima zipite pamoja, basi kihami cha kebo ya data kiwe kinaruhusiwa kwa volti ya juu kabisa iliyomo humo. Kebo nyembamba ya mtandao wa kompyuta haifai kwa kazi hiyo.

Kwenye ubao, weka vituo vya data upande wa pili kabisa, vya rangi tofauti, na ikiwezekana vya ukubwa ambao waya wa umeme wa milimita 2.5 za mraba hauwezi kuingia. Kazi hii haihitaji kifaa chochote cha elektroniki, nayo ndiyo inayozuia ajali nyingi kuliko hatua nyingine yoyote.

## Hatua ya 3: Unganisha ardhi zote za jengo mahali pamoja

Mafundi wengi huvichimbia vifaa vya data fimbo ya ardhi ya peke yake, wakiamini kwamba ardhi isiyochanganywa na ya umeme itakuwa safi. Kinachotokea ni kinyume chake. Tuchukue fimbo yenye ukinzani wa omu 10, kiwango ambacho juu ya lava ya Goma ni vigumu sana kukifikia. Radi ikipitisha humo ampea 1,000, fimbo hupanda hadi volti 10,000 juu ya ardhi ya mbali. Kama inveta imefungwa kwenye fimbo nyingine iliyobaki chini, sehemu kubwa ya volti hizo huonekana baina ya fimbo mbili, na kinachoziunganisha ni waya wako wa data. Kama vyote vimefungwa kwenye kipande kimoja cha shaba, jengo zima hupanda na kushuka pamoja, na baina ya inveta na sanduku hakuna tofauti kubwa ya kuunguza kitu.

Kwa hiyo funga kwenye kipande hicho cha shaba ardhi ya ubao mkuu, bodi ya inveta (kasha lake la chuma), fremu za paneli za jua, ardhi ya jenereta na ardhi ya sanduku la kinga. Katika mitaa iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ambako fimbo haiingii hata nusu mita, chimba mfereji kuzunguka msingi, laza waya mtupu wa shaba, ufunike kwa udongo ulioletwa kutoka nje au kwa bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaoshika maji), kisha uunganishe na nondo za msingi pale zinapofikika. Usimwage chumvi. Hushusha ukinzani kwa muda, mvua huiosha, na shaba inayobaki huliwa na kutu. Bukavu, kwenye udongo mwekundu wenye unyevu, fimbo huingia vizuri, lakini kanuni ya mahali pamoja haibadiliki.

Waya unaotoka sanduku la kinga hadi kwenye shaba uwe mfupi iwezekanavyo, usiozidi nusu mita, na usifanywe duara. Unene wake si jambo kubwa kama urefu wake. Kila mita ya waya ina takriban mikrohenri 1. Ampea 1,000 zikipanda ndani ya mikrosekunde 8, mita hiyo moja huzalisha volti 125 kati ya ncha zake. Waya wa mita 3 uliokunjwa vizuri na kufungwa kwa vibanio huongeza karibu volti 375 juu ya volti ambazo kizuizi chako kimepangiwa, hata kama kila kifaa sandukuni ni cha ubora wa juu kabisa.

Dalili ya mafanikio: ukipima ukinzani kati ya bodi ya inveta, ubao mkuu na ardhi ya sanduku, multimita isome chini ya omu 1 kila mahali.

## Hatua ya 4: Kizuizi cha kwanza, fyuzi ya kauri

Weka fyuzi moja kwenye A, moja kwenye B na moja kwenye C, mahali kebo ya nje inapoingia sandukuni, kabla ya kitu kingine chochote. Fyuzi hizi ndizo zinazokata volti 220 moja kwa moja.

Sababu ya kusisitiza kauri inapatikana kwa hesabu rahisi. Mita 100 za waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba zina ukinzani wa omu 3.5. Volti 220 zikigawanywa kwa omu 3.5 ni ampea 63. Fyuzi ndogo za kioo zinazouzwa kila kona zimehakikishiwa kukata ampea 35 tu, au mara 10 ya mkondo wake pale kiasi hicho kinapokuwa kikubwa zaidi. Zikipewa ampea 63, waya wa ndani huyeyuka, lakini mwale wa umeme unaweza kuendelea kuwaka ndani ya kioo mpaka kipasuke. Fyuzi ya kauri yenye uwezo wa ampea 1,500 imejazwa mchanga unaozima mwale huo.

Usiweke fyuzi ya chini ya ampea 2 hapa kwa tamaa ya kuongeza usalama. Fyuzi ndogo itakatika kwa kila radi ya mbali, mhudumu atachoka kuibadilisha, na mwishowe ataweka kipande cha waya mahali pake.

## Hatua ya 5: Kizuizi cha pili, kichupa cha gesi

Baada ya fyuzi, A na B zifungwe kwenye ncha mbili za nje za kichupa chenye ncha tatu, na ncha ya katikati iende kwenye shaba ya ardhi. C ifungwe kwenye kichupa chenye ncha mbili, na ncha yake ya pili iende kwenye shaba ileile.

Ncha tatu ni bora kuliko vichupa viwili tofauti. Vichupa viwili haviwaki kwa wakati mmoja. A ikishatua ardhini huku B ingali juu, tofauti yote huingia katika chipu. Chenye ncha tatu kina chumba kimoja cha gesi, na upande mmoja ukiwaka, wa pili hufuata papo hapo.

Onyo: kichupa cha volti 90 kitawaka pia kikiguswa na umeme wa volti 220, ambao kilele chake ni volti 311. Kitabeba ampea zile 63 na kupata moto mkali. Ndiyo maana fyuzi ipo mbele yake, wala si nyuma, na ndiyo maana kibanio cha usalama si cha hiari: kama mguso ni dhaifu, tuseme ampea 1 kupitia kihami kilicholowa, fyuzi haitakatika, na kibanio ndicho kitakachoshuka na kufunga saketi kabla kichupa hakijayeyusha sanduku.

Kichupa kina udhaifu mmoja. Mpigo wa kasi hukiwahi. Kabla hakijawaka, volti zinaweza kufika mia tano au sita kwa muda wa chini ya mikrosekunde. Vizuizi viwili vinavyofuata vipo kwa ajili ya muda huo mfupi.

## Hatua ya 6: Kizuizi cha tatu, PTC

Funga PTC moja mfululizo kwenye kila waya, baada ya kichupa. Ina kazi mbili.

Ya kwanza ni ya wakati wa radi. Kichupa hakiwaki kama kuna kitu nyuma yake kinachozishikilia volti chini, na diodi ya hatua ya 7 hufanya hasa hivyo. Ukinzani wa PTC, ambao aghalabu ni omu kadhaa hadi kumi na kitu, ndio unaowezesha volti za upande wa nje kupanda hadi kichupa kiwake huku volti za upande wa ndani zikibaki chini. Mtu akifunga diodi na kichupa sambamba bila chochote katikati, diodi hubeba mpigo wote peke yake mpaka ife, na kichupa kizuri cha bei kubwa hubaki bila kufanya kazi.

Ya pili ni ya hitilafu ndefu. Mkondo ukizidi, PTC hupata joto, ukinzani wake hupanda sana, na mkondo hushuka hadi miliampea chache. Hitilafu ikiondoka, hupoa na laini hurudi bila fundi kuitwa.

PTC za kadi za kompyuta na za nyaya za USB ni za volti 6, 16 au 30. Zinafanana kwa umbo na za simu, lakini zikipewa volti nyingi huwaka moto. Soma karatasi ya data ya mtengenezaji na utafute namba mbili, volti za juu kabisa na ampea za juu kabisa. Moja pekee haitoshi.

Pima ukinzani wa PTC za A na B kabla ya kuzilehemu, na uchague mbili zinazokaribiana kwa omu 1 au 2. Zikitofautiana sana, mlingano wa jozi huharibika na kelele za umeme huingia kwenye data.

## Hatua ya 7: Kizuizi cha nne, diodi na chipu inayolingana nayo

Funga diodi moja ya 1.5KE43CA kati ya A na C, nyingine kati ya B na C, upande wa ndani wa PTC. Miguu ya diodi ikatwe mifupi kabisa, na waya wa data upite kwenye mguu wa diodi kwanza ndipo uendelee kwenye kifaa.

Hapa ndipo uchaguzi wangu unapotofautiana na michoro mingi inayosambazwa. Michoro hiyo hutumia SM712, diodi ndogo iliyotengenezwa mahususi kwa RS-485, inayoanza kupitisha umeme kwenye takriban volti 7.5 upande mmoja na 13 upande wa pili. Kwa radi pekee ni diodi nzuri. Lakini fundi akigusisha volti 24 za kidhibiti cha jenereta kwenye A, ampea nusu hivi hupita ndani yake, nayo hulazimika kubeba wati 6 au 7 kwa sekunde nyingi kabla PTC haijashtuka. Mwili wake mdogo hauwezi hata wati moja.

1.5KE43CA haipitishi umeme kwenye volti 24 hata kidogo. Huanza kupitisha kati ya volti 40.9 na 45.2, na mpigo mkubwa hauipandishi kupita takriban volti 59. Ina mwili mkubwa na miguu minene inayomwaga joto. Sharti lake ni moja: chipu iliyo nyuma yake iwe inavumilia volti 60 au 70. Chipu ya kawaida ya MAX485 imewekewa mipaka ya volti -8 na +12.5 tu, kwa hiyo kuiweka nyuma ya 1.5KE43CA ni kuiacha wazi. SN65HVD1781 ina mpangilio uleule wa miguu minane, na mara nyingi huingia mahali pa chipu ya zamani bila kubadilisha waya hata mmoja. Hakikisha tu kwamba volti za kuiendesha na kasi ya laini yako vinakubalika katika karatasi yake ya data.

Angalia pia rezista zinazovuta A juu na B chini. Kwenye kadi nyingi rezista hiyo ya A huenda moja kwa moja kwenye volti 5 za kadi. Volti 24 zikiingia kwenye A, zitapita humo na kupandisha volti 5 zenyewe, na kompyuta ndogo ya kadi itaungua ingawa chipu ya RS-485 imesalimika. Chipu niliyoitaja hutambua yenyewe laini iliyotulia, kwa hiyo rezista hizo zitolewe.

## Hatua ya 8: Kitenganishe kifaa na laini

Vizuizi vinne hushughulikia mipigo na miguso. Tofauti ya kudumu kati ya ardhi za majengo mawili, ile uliyoiandika katika hatua ya 1, inahitaji utenganisho: chipu ya laini iwe na chanzo chake cha umeme kisichogusana na cha kifaa, na data ivuke kwa mwanga au kwa sumaku.

Kama huwezi kufungua inveta kwa sababu ya dhamana, nunua kitenganishi kilicho tayari na ukiweke kati ya sanduku na inveta. Kikiungua, umepoteza kifaa kidogo, na inveta imeona tu kipande kifupi cha waya. Chunguza kwamba upande wa umeme nao umetenganishwa. Vipo vinavyotenganisha data pekee huku waya hasi wa pande zote mbili ukiwa mmoja. Multimita ikionyesha muunganiko kati ya C na waya hasi wa umeme wake, hakifai.

C iunganishwe na ardhi mahali pamoja tu katika laini nzima, upande wa kifaa kikuu. Kwingine kote ibaki na kichupa chake cha gesi pekee. Ngao ya kebo ifuate utaratibu huohuo.

Yapo maeneo ambako singeweka kebo ya shaba hata kidogo. Vipimo vya satelaiti vilivyochapishwa mwaka 2016 viliiweka Kabare, jirani kabisa na Bukavu, katika nafasi ya pili duniani kwa radi, zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela pekee. Tangi la maji lililo juu ya kilima katika mazingira hayo liunganishwe kwa nyuzi za kioo, pamoja na kibadilishi cha RS-485 kila upande. Kioo hakipitishi radi wala volti 220, na gharama yake hurudi kadi ya kwanza isipoungua.

## Hatua ya 9: Rezista ya mwisho wa laini

Rezista hii hufungwa kati ya A na B mwishoni mwa laini ili mawimbi ya data yasirudi nyuma. Iweke upande wa ndani wa PTC, ili nayo ikingwe, na itumike ya omu 100 badala ya 120 ya kawaida, kwa kuwa PTC mbili huongeza kiasi kilichobaki. Kutoka nje ya sanduku multimita isome karibu na omu 120. Masanduku yote mawili yakiwa yameungwa na vifaa vimezimwa, kati ya A na B isome takriban omu 60, na kidogo zaidi kwa kebo ndefu.

PTC hupunguza kiasi nguvu ya mawimbi. Chipu ya RS-485 hutoa volti 1.5 au zaidi kwenye mzigo wa omu 54, na mpokeaji huhitaji volti 0.2 tu. Omu 20 za PTC huacha zaidi ya volti 1, kwa hiyo kwenye mwendo wa biti 9600 kwa sekunde na umbali wa mita mia chache hutaona tofauti yoyote.

## Hatua ya 10: Jaribu bila kutumia volti 220

Usijaribu sanduku kwa umeme wa nyumbani. Jaribio hilo linaweza kuua, na halithibitishi chochote ambacho majaribio haya mawili hayawezi kukithibitisha.

Kwanza, diodi. Kabla hujaunga chipu, chukua paneli moja kubwa ya jua ambayo volti zake bila mzigo hupita 46. Paneli nyingi za wati 550 hukaribia 50. Pitisha umeme wake kwenye rezista ya omu 4,700, kisha kwenye A na C, na upime volti juu ya diodi. Isome kati ya 40 na 46. Geuza nyaya; isome vilevile. Ikisoma karibu na sifuri, diodi imekufa. Ikisoma volti zote za paneli, haijaungwa. Rudia kwa B.

Pili, laini yenyewe. Vua kebo ya nje, ili vifaa vya upande wa mbali visipate madhara, na uunge chipu na kifaa. Gusisha volti 24 za DC kati ya A na C kwa sekunde kumi, ziondoe, kisha urudishe kebo. Mawasiliano yarudi yenyewe bila kuzima na kuwasha kifaa. Kama hayarudi, angalia kwanza zile rezista za kuvuta za hatua ya 7.

## Baada ya dhoruba au ya umeme kuzidi

Vichupa vya gesi na diodi huchakaa kwa kila mpigo. Baada ya radi iliyopiga karibu, fungua sanduku na upime kila kichupa kwa ukinzani. Kizuri husoma wazi kabisa. Kibanio kilichoshuka, kichupa chenye weusi kwenye kauri au PTC yenye ufa hubadilishwa siku hiyohiyo. Diodi iliyokufa kwa kawaida hufunga saketi, kwa hiyo laini isiyosema kitu huku A na C zikisoma karibu na omu sifuri ina maana kwamba diodi imeikinga chipu hadi mwisho wake.

Fyuzi ikikutwa imekatika, itazame kwanza ni ya waya upi. Zote tatu zikikatika baada ya mvua ya radi, badilisha na upime vichupa. Moja ikikatika siku ya jua, umeme umegusa waya huo: usiweke fyuzi mpya kabla ya kurudia vipimo vya hatua ya 1 na kuipata sehemu ya mguso, na umwonye mhudumu wa jengo asiuguse waya wowote wa laini hiyo mpaka umalize.